Mdogo wangu anataka valvu ya kupitia pajani, mama hataki kusikia

Shikamoo Shangazi,

Naandika kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 19, tunaishi Tanga na mama yetu. Alizaliwa na ugonjwa wa moyo unaoitwa Tetralojia ya Fallot. Alipokuwa mdogo, akikimbia kidogo tu midomo inageuka bluu, anachutama palepale mchangani mpaka pumzi irudi. Mwaka 2011, akiwa na miaka 5, alipata rufaa ya kwenda India na mama akamsindikiza. Akafunguliwa kifua, wakarudi salama, na tangu hapo sisi tukahesabu amepona. Kliniki alihudhuria miaka michache, kisha tukaacha kwa sababu alikuwa anaruka na wenzake kama kawaida.

Mwaka huu alipimwa afya ili ajiunge na chuo. Daktari akasikia mlio kwenye moyo, akamwandikia Echo, kile kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, mwisho tukafika Dar es Salaam. Huko tukaambiwa valvu inayopeleka damu kwenye mapafu, yaani kilango cha kuzuia damu isirudi nyuma, inavuja sana, chumba cha kulia cha moyo kimetanuka, na itabidi awekewe valvu nyingine. Wamempangia kwanza MRI ya moyo, picha ya mashine ya sumaku, ndipo waseme zaidi.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mdogo wangu ameona kwenye simu kwamba siku hizi valvu inapitishwa kwenye mshipa wa paja na mtu anatembea kesho yake. Anasema kama si hiyo, basi hafanyi chochote, maana yeye haumwi. Ni kweli halalamiki. Mpira anacheza mpaka leo, ingawa zamani alikuwa winga na sasa ni golikipa. Anasema kudaka ndiko anakokupenda.

Mama yeye hataki kusikia lolote. Anasema kifua cha mwanawe hakifunguliwi tena yeye akiwa hai. Anasema madaktari wa kule walimwambia mtoto amepona, kwa hiyo ama walimdanganya wale au wanamdanganya hawa. Na jirani amemwambia valvu hizo zinatengenezwa kwa nguruwe. Sisi ni Waislamu, neno hilo limemkaa.

Mjomba naye ameleta wakala anayepeleka wagonjwa nje. Huyu hajaomba kuona kipimo chochote. Anasema tulipe nusu ya fedha, viza ishughulikiwe, kazi yenyewe ni ya saa moja na valvu inadumu maisha. Mjomba ameshaanza kuchangisha ukoo.

Shangazi, hiyo valvu ya pajani ipo kweli au ni matangazo? Tusubiri MRI au twende na wakala? Na mama nimwambieje?

Dada mtu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Valvu ya pajani ipo, na ina historia yake. Mwaka 2000, katika hospitali ya Necker jijini Paris, Dk. Philipp Bonhoeffer alimwekea mvulana wa miaka 12 valvu ya kuelekea mapafu kupitia mishipa ya damu, kifua hakikuguswa. Valvu yenyewe ilitoka kwenye mshipa wa shingo wa ng'ombe, ikashonewa ndani ya stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma. Tangu siku hiyo maelfu ya watu waliozaliwa na maradhi ya moyo wamewekewa kwa njia hiyo. Kwa hiyo mdogo wako hakudanganywa na simu. Ila video nyingi zinazozunguka ni za wazee wanaobadilishiwa valvu ya aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, kazi iliyoanza Ufaransa mwaka 2002 kwa Dk. Alain Cribier. Hiyo ni valvu nyingine, upande mwingine wa moyo, kwa ugonjwa mwingine. Muulize aliyemwona kwenye video ni kijana au mzee.

Lakini katika barua yako yote kilichonishtua si wakala wala ugomvi wa nyumbani. Ni huyo golikipa.

Kabla ya safu hii nilikuwa muuguzi wa wodi ya moyo kwa miaka mingi, na vijana wa namna hii nawafahamu. Ukimuuliza "unajisikiaje" atakujibu "poa". Hakudanganyi. Amekuwa na moyo huo huo tangu utotoni, hajui mwingine wa kulinganisha nao. Anachofanya ni kupunguza maisha kidogo kidogo bila kujisemea: anahama kutoka winga kuja golini, anapanda bodaboda mahali alipokuwa akitembea, anabeba ndoo moja badala ya mbili. Mpelekeni akapimwe akiwa anakimbia kwenye mashine au anaendesha baiskeli ya hospitali, huku wakimpima pumzi na mapigo. Hapo mwili utasema ambacho mdomo hausemi. Na akisema moyo unaenda mbio ghafla bila sababu, au akianguka na kuzimia hata mara moja, msisubiri tarehe ya kliniki. Mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa nikueleze kilichofanyika 2011, maana mama yako amebeba uchungu ambao haukupaswa kuwepo.

Ugonjwa huu umepewa jina la daktari Mfaransa, Fallot, aliyeueleza mwaka 1888. Ni kasoro nne zinazokuja pamoja: tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, njia nyembamba ya kupeleka damu kwenye mapafu, aota iliyokaa juu ya lile tundu, na msuli mnene wa chumba cha kulia. Damu haifiki mapafuni ya kutosha, ndiyo maana midomo ilikuwa bluu. Kule kuchutama alikojifundisha mwenyewe kulikuwa na maana. Ukichutama unabana mishipa ya miguu, shinikizo la damu mwilini linapanda, na damu zaidi inasukumwa kuelekea mapafuni. Mtoto hakufundishwa na mtu.

Mpasuaji wa India aliziba tundu, kisha akapanua ile njia nyembamba. Mara nyingi wembamba huwa mpaka kwenye pete ya valvu yenyewe, na hapo hana budi kuipasua pete na kushona kiraka juu yake ili njia iwe pana. Mtoto anapata damu mapafuni, midomo inarudi rangi yake. Lakini valvu iliyopasuliwa haifungi tena. Kila pigo la moyo, sehemu ya damu inarudi ilikotoka. Wapasuaji wanalijua hilo tangu siku ya kwanza na wanalikubali, kwa sababu mtoto wa miaka 5 anauvumilia uvujaji huo vizuri kwa miaka mingi, wakati ule wembamba ungemuua. Kwa hiyo mama hakudanganywa, si wakati ule wala sasa. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye kabla ya safari ya kurudi akamwambia kwa lugha yake: mama, moyo umetengenezwa, lakini huyu ni wa kliniki maisha yote. Familia nyingi hazikuambiwa hivyo, nawe usijilaumu kwa miaka mliyoacha.

Tatizo la kuvuja ni kwamba kunaharibu polepole. Chumba cha kulia kinapokea damu mara mbili, ile mpya na ile iliyorudi, kinatanuka mwaka hadi mwaka. Kikiwahiwa, kinajirudi. Kikichelewa, kinakuwa kama lastiki ya sketi iliyovutwa mno: unaweza kubadilisha sketi nzima, lastiki hairudi. Ndiyo maana madaktari wenu wanataka MRI. Inapima ujazo wa chumba hicho kwa mililita, wanagawa kwa ukubwa wa mwili wake, na ujazo ukifika karibu mililita 150 hadi 160 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mazungumzo ya valvu mpya yanakuwa ya dhati hata kama mgonjwa hana dalili yoyote. Wataangalia pia ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo, kwa sababu moyo uliotanuka unachelewesha umeme wake, na wimbi la mchoro huo likipanuka kufikia milisekunde 180 hatari ya mapigo mabaya huongezeka.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya kusubiri MRI. Ya pili ndiyo inayojibu swali la paja.

Fikiria kazi yenyewe. Kijana amelazwa usingizi. Daktari anatoboa mshipa mkubwa wa paja, anapitisha waya mrefu mpaka moyoni, unavuka vyumba vya kulia na kufika kwenye ateri ya mapafu. Kabla ya valvu kuletwa kuna hatua ambayo video haziionyeshi. Wanapeleka puto tupu, wanalijaza palepale valvu itakapokaa, na puto likiwa limejaa wanapiga rangi kwenye mishipa inayolisha msuli wa moyo, wote macho kwenye skrini. Wanataka kujua kama puto linaibana mishipa hiyo. Kwa takriban wagonjwa 5 katika kila 100 linaibana, na hapo daktari mwenye akili anatoa puto, anafunga kazi, na kijana anaamka bila valvu. Kuendelea kungekuwa kumletea shambulio la moyo mezani. Ikiwa ni salama, mara nyingi stenti ya kawaida inatangulia ili kuweka ukuta imara, kisha valvu iliyokunjwa inapandishwa na kufunguliwa ndani yake. Kesho yake anapigwa Echo na picha ya kifua, na wengi wanaruhusiwa baada ya siku moja au mbili.

Ugumu ni kwamba valvu za mwanzo zilitengenezwa kwa watu ambao mpasuaji aliwawekea bomba la bandia la kupeleka damu mapafuni, ambalo lina ukubwa unaojulikana na kuta za kuishikilia. Mdogo wako, ikiwa aliwekewa kiraka, hana bomba. Ana njia yake mwenyewe, pana, laini, yenye umbo lake, inayocheza na kila pigo. Valvu ndogo ikifunguliwa humo haina pa kushika. Kwa vijana wa namna hii zilitengenezwa valvu kubwa zaidi zinazojifungua zenyewe, mojawapo ikiitwa Harmony, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Hata hizo hazimfai kila mtu. Umbo la njia ndilo linaloamua, na umbo hilo linaonekana kwenye MRI au CT scan. Haliamuliwi na mapenzi ya kijana, wala hofu ya mama, wala mfuko wa mjomba.

Sasa unaona kwa nini huyo wakala nisingempa hata shilingi. Anauza nguo kwa mtu ambaye hajampima. Mtu anayesema kazi ni ya saa moja kabla ya kuona picha ya moyo hajui kama kazi yenyewe inawezekana. Na hakuna valvu ya mnyama inayodumu maisha. Zinachoka, nyingi baada ya miaka kumi na kitu, na kijana wa miaka 19 ajue kabisa kwamba atahitaji nyingine huko mbele. Jambo zuri ni kwamba mara nyingi ya pili inaweza kupandishwa ndani ya ya kwanza. Mwombe mjomba asimamishe malipo, lakini michango aiache iendelee. Fedha zitahitajika kwa njia yoyote itakayochaguliwa, kifaa chenyewe ni ghali kweli, na anayechangisha mapema anasaidia.

Cha kufanya ni hiki. Tafuteni ripoti ya upasuaji wa 2011, hata kama karatasi imechakaa, maana ndiyo itakayosema kama ni kiraka au bomba, na kama mshipa wowote wa moyo ulipita mahali pasipo pake. MRI ikishafanyika, ombeni nakala ya picha zenyewe kwenye CD, karatasi ya majibu peke yake haitoshi. Kisha ombeni kesi yake ijadiliwe na jopo: daktari wa moyo anayejua magonjwa ya kuzaliwa nayo, daktari wa Cathlab, yaani chumba cha kutibu moyo kwa kupitia mishipa ya damu, na mpasuaji, wakae meza moja. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili inaziba matundu ya moyo kwa Cathlab na hupokea kambi za madaktari kutoka nje, basi ulizeni kama yupo au anakuja anayefanya valvu hii. Jopo likisema apewe rufaa nje, picha zitangulie, na hospitali ya huko ijibu kwa maandishi kama umbo lake linafaa. Viza baadaye. Ulizeni pia swali hili, wengi hawaliulizi: mezani kwenu mkikuta puto linabana mishipa, mpango wa pili ni upi, na gharama yake nani anailipa?

Na jopo likisema kifua kifunguliwe?

Basi kifunguliwe. Nasema hivi nikijua itamuumiza mama, lakini sitaki mdogo wako aifanye njia ya paja kuwa sharti. Upasuaji wa kubadilisha valvu hii, mikononi mwa waliozoea, ni wa salama kuliko watu wanavyodhani. Ni mzito zaidi, sikatai: mashine ya kuendesha damu, kama wiki moja hospitalini, mfupa wa kifua unaohitaji wiki kadhaa kuunga, na makovu ya zamani ndani yanayomfanya mpasuaji aende taratibu. Lakini mpasuaji anaweza kuweka valvu ya saizi nzuri na kuishona mahali imara, na hiyo ndiyo inayomfungulia kijana mlango wa paja safari ijayo. Mwambieni mpasuaji mapema kwamba mngependa saizi itakayopokea valvu nyingine ndani yake.

Kuhusu nguruwe, mama ameuliza swali halali na asichekwe. Jibu linategemea valvu gani. Ile ya mshipa wa shingo inaitwa Melody, ni ya ng'ombe. Sapien imetengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. Myval, inayotengenezwa India, nayo ni ya ng'ombe na inakuja kwa saizi kubwa. Harmony niliyoitaja ni ya utando wa nguruwe. Hata za kushonwa kwa upasuaji zipo za ng'ombe na za nguruwe. Kwa hiyo mwambieni daktari mapema, msingoje asubuhi ya siku yenyewe, na mara nyingi kuna nafasi ya kuchagua. Ikitokea inayofaa umbo lake ni ya nguruwe tu, nendeni kwa sheikh wenu mkiwa na maelezo ya daktari mkononi. Mlango wa dharura katika dini mnaujua, lakini mama atatulia akilisikia neno hilo kwa sheikh kuliko kwangu.

Mama mwenyewe usimzunguke. Najua kishawishi ni kupanga kila kitu na mjomba kisha aje aambiwe tarehe. Huyu ndiye aliyekaa peke yake kwenye korido ya nchi ya watu, hajui lugha, mtoto wa miaka 5 yuko ndani kifua wazi. Nyinyi wengine mlisikia kwa simu kwamba imeenda vizuri. Anaposema hakifunguliwi tena, anazungumza kutoka kwenye ile korido. Mchukue umpeleke Dar es Salaam siku ya majibu ya MRI. Akae yeye kwenye kiti cha mbele, na umwombe daktari ageuze skrini amwonyeshe chumba kilichotanuka na damu inayorudi. Mwache amuulize daktari lile la kudanganywa, amuulize kwa maneno yake, asikatishwe. Daktari mzuri hataudhika. Mkirudi nyumbani mpe siku chache.

Mdogo wako naye umwambie kwa upole kwamba ana miaka 19, fomu ya ridhaa ataitia sahihi yeye. Hawezi kudai haki hiyo halafu aseme haumwi. Aende kwenye miadi akiwa na maswali yake ameyaandika.

Jambo la mwisho lianze wiki hii, bila kungoja jopo. Mpelekeni kwa daktari wa meno. Jino bovu linapeleka vijidudu kwenye damu, na vijidudu vinapenda kujishikiza kwenye valvu ya kuwekwa. Maambukizi hayo ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote kwa valvu hizi, maana yanaweza kuiharibu kabisa, na hatari ipo miaka yote, haiishi na kidonda cha paja. Meno yatibiwe yote kabla ya valvu. Baada ya valvu apige mswaki asubuhi na usiku, na kabla ya kung'oa jino apewe dozi ya antibiotiki. Daktari pengine atampa aspirini, aitumie kama alivyoandikiwa. Dawa kali za kuzuia damu isigande za maisha mlizosikia kwa majirani ni za wenye valvu za chuma, wengi wao ni wale walioharibiwa moyo na homa ya baridi yabisi. Msizichanganye.

Na homa. Kwetu pwani mtu akipata homa anaenda duka la dawa, anachukua ya malaria na antibiotiki juu yake. Mdogo wako akishawekewa valvu hilo likome. Apimwe malaria kama kila mtu, lakini homa ikizidi siku mbili tatu, au ikija na kutoka, aende hospitali aseme "nina valvu", na damu yake ichukuliwe ioteshwe kabla hajameza antibiotiki yoyote. Akimeza kwanza, kijidudu kinajificha, kipimo kinatoka safi, na valvu inaendelea kuliwa. Andikeni hilo kwenye karatasi ndogo, akae nayo kwenye pochi pamoja na aina na saizi ya valvu aliyowekewa.

MRI ikitoka, niandikie vipimo vyake na kilichosemwa na jopo.

Shangazi